Mwongozo kamili: Kutengeneza tamthilia ya familia kuhusu watoto wanaopinga marufuku ya serikali, Nairobi

Tamthilia nyingi za aina hii hufa kabla kamera haijawashwa, na zote hufia mahali pamoja: hakuna anayejua marufuku yenyewe inasema nini. Mwandishi ana watoto wanne wenye hasira, ana afisa mwenye kitambi anayefoka, ana mabango. Muulize marufuku imetolewa na nani, inaanza lini, faini ni ngapi na nani hakuguswa, anabaki kukuna kichwa. Kwa hiyo tunaanza na hiyo karatasi, kisha tunashuka hadi kwenye seti. Hesabu zetu ni za kikosi kidogo cha watu 12 hadi 14 kinachotengeneza vipindi sita vya dakika 24.

Mfano wetu ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho: kaunti ya kubuni inapiga marufuku skeiti, yaani viatu vya magurudumu, kwenye barabara, maegesho na viwanja vyote vya umma. Nairobi hii kila mtu ameona vijana wa skeiti, na kila dereva amewahi kumwona mmoja wao akiwa amening'inia nyuma ya lori. Hilo la lori ni muhimu, tutalirudia.

Hatua ya 1: Andika marufuku kabla ya mhusika yeyote

Chukua karatasi moja ya A4 uandike tangazo zima kwa lugha ya ofisi, kama karani wa kaunti anayetaka kwenda nyumbani mapema. Liwe na nambari ya kumbukumbu, sheria inayotajwa, kitendo kinachokatazwa, maeneo, tarehe ya kuanza, adhabu (tuseme faini ya Sh5,000 na skeiti kuchukuliwa), cheo cha aliyetia sahihi, na mstari wa mwisho unaoanza na "isipokuwa".

Mstari huo wa "isipokuwa" ndio unaoibeba tamthilia. Marufuku inayomgusa kila mtu sawasawa ni kero tu. Inageuka dhuluma inapoandikwa "isipokuwa katika kumbi zilizolipiwa leseni": mtoto anayelipiwa kiingilio kwenye jumba la maduka anaendelea kuteleza, na wa ploti anakimbizwa na kanjo, askari wa kaunti. Mtazamaji wa miaka tisa ataelewa tofauti hiyo bila kuhubiriwa.

Sasa itetee. Mwandishi mmoja asimame dakika tano aitetee marufuku mbele ya wenzake kwa moyo wote. Watoto wanagongwa. Madereva wanashtakiwa kwa makosa yasiyo yao. Mzazi mmoja amezika. Ikiwa hawezi kuzijaza dakika tano, marufuku ni dhaifu na afisa wako atakuwa katuni. Marufuku nzuri ya kuigiza ina sababu iliyo nusu kweli: hatari ipo, ila dawa waliyochagua inamwadhibu asiyehusika. Watoto wako nao lazima wajibu hoja ya lori. Wakiikwepa hadi kipindi cha sita, wazazi waliokaa sebuleni watakuwa upande wa kaunti.

Hatua ya 2: Tafuta ufa ambao mtoto anaweza kuugundua

Serikali haibadilishi msimamo kwa sababu mtoto amelia. Hubadilisha pale ilipokosea utaratibu na mtu akauonyesha ufa huo hadharani. Katiba ya 2010 inakupa nyufa za kutosha: Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma, cha 199 kinasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe kwenye Gazeti Rasmi, cha 47 kinadai hatua ya kiutawala iwe halali, ya busara na ya haki, cha 53 kinaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu.

Usivitumie vyote. Chagua ufa mmoja unaoonekana kwa macho, kwa sababu kamera haiwezi kupiga picha ya kifungu. Ufa wa Gazeti Rasmi ni mzuri kwenye karatasi na mbovu kwenye runinga, kwani ni mtoto anayesoma kitu ambacho hakipo. Wa ushirikishwaji wa umma unaigizika. Kikao kiliitishwa Jumanne saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni, na kuna karatasi ya mahudhurio yenye majina na sahihi. Mtoto anaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha kidole kinasimama: jina la shosho yake, bibi yake, lipo, na sahihi yake ipo. Siku hiyo shosho alikuwa ushago, kijijini, na tangu azaliwe hutia dole gumba tu. Hapo una kipindi kizima ndani ya karatasi moja, na aliyegundua ni mtoto, si wakili.

Hatua ya 3: Ilete marufuku mezani

Kinachoifanya iwe tamthilia ya familia ni kwamba marufuku inaipasua nyumba. Mpe mzazi mmoja sababu ya mkono ya kutaka watoto wanyamaze. Mama ana kibanda cha mboga, na kanjo wanaomwachia ndio hao hao wanaomsaka mwanawe. Au, na hili tunalipenda zaidi, baba ni karani wa kaunti na tangazo lile alilichapa yeye. Hakulitunga, alilichapa tu. Mtoto analibandua ukutani, analileta nyumbani, na chini kabisa pana herufi mbili za mchapaji ambazo ni za baba yake.

Umri wa watoto uamuliwe na sheria, si na sura. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kijinai, na aliye chini ya 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka mahakama iridhike vinginevyo kwa ushahidi. Kwa hiyo ndugu wa miaka 11, 13 na 15 wakishikwa pamoja, hatari zao ni tatu tofauti. Wa 11 atajiona hagusiki na kuanza kujitolea kwa kila kitu. Wa 15 atajua kwamba mzigo ni wake. Ugomvi wao wa usiku huo hauhitaji kubuniwa.

Tatu pia ni hesabu ya seti: ukiandika shujaa mmoja anayeonekana katika kila onyesho, utamchosha au utavunja ratiba. Gawa uzito.

Hatua ya 4: Panga ngazi ya upinzani

Kosa la kawaida ni maandamano katika kipindi cha pili. Yakishafanyika, huna pa kupanda. Vipindi sita vikae hivi: kukwepa, kuuliza, kuomba, kukataa, kuumia, kudai.

Kukwepa ni raha, ndiko kwenye kicheko: skeiti ndani ya mfuko wa sukumawiki, mlinzi aliyehongwa kwa chapati. Kuuliza ni pale wanapoambiwa na chifu waende kwa MCA (mwakilishi wa wadi), MCA awaambie waende City Hall, ofisi kuu za kaunti, City Hall iwarudishe kwa chifu. Kuomba kuwe kwa kweli: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Watoto waliandike kwa mkono, watoe nakala, na wakatae kuondoka mpaka nakala yao igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule ukigonga meza, watoto wa nyumbani watapiga makofi.

Kukataa ndiko kilele cha katikati, na kuwe kitendo kidogo. Aprili 2025, kwenye tamasha la kitaifa la maigizo Nakuru, wasichana wa shule ya Butere walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Hawakuhutubia, na nchi nzima ilisikia. Shule hiyo hiyo mwaka 2013 ilirudishiwa mchezo wake na Mahakama Kuu baada ya kuzuiwa. Kumbuka pia Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road waliosukuma ukuta uliozingira uwanja wao wakarushiwa vitoa machozi. Matukio hayo yakufundishe ukubwa wa kitendo, ila usiyanakili. Watoto wale ni watu halisi na wengine bado ni wadogo.

Ukitaka maandamano, yafuate sheria hadi herufi ya mwisho, kwa sababu humo ndimo mvutano ulimo. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi waarifiwe si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla, na mkutano uwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Mtoto wa miaka 13 akimkabidhi OCS (mkuu wa kituo cha polisi) barua, naye OCS anahesabu siku kwa vidole akitafuta kosa, ni onyesho la dakika mbili lisilohitaji hata muziki.

Kesi mahakamani iwe ya mwisho, na mtoto asimame kupitia mtu mzima. Mtu huyo awe shosho, asiwe wakili mwenye suti aliyetokea mawinguni. Na gavana asije uwanjani kuondoa marufuku kwa tabasamu, maana akija, kila walichofanya watoto kimefutwa.

Hatua ya 5: Maneno

Mtoto anapozungumza kama katiba, kata. Wajibu wa kueleza sheria mpe mtu anayeieleza vibaya: mwenye kinyozi aliyewahi kushtakiwa, au mwalimu wa gredi ya saba. Sheng itumike kwa kipimo. Ya leo itachakaa kabla msimu wa pili haujarushwa, kwa hiyo chagua maneno yaliyokwisha kukaa, na waulize waigizaji wenyewe siku ya kusoma mswada mezani. Watarekebisha mistari kuliko mhariri yeyote. Afisa azungumze Kiswahili sanifu cha ofisini kikavu, kisha akipigiwa simu na mkewe ageuke mtu.

Ukurasa mmoja ni takriban dakika moja, hivyo kila kipindi kina kurasa 24. Pima kwa saa, usikisie: watoto husema haraka kwenye mazoezi na polepole kwenye seti.

Hatua ya 6: Waigizaji watoto

Usiwasikilize wakikariri. Wape wawili wawili jambo la kufanya, kama kufunga kamba za skeiti huku wakibishana nani kaharibu breki. Anayemsikiliza mwenzake ndiye wako, hata kama sauti yake ni ndogo. Mwenye "kipaji" anayeitazama kamera mwache.

Idhini ya mzazi iwe kwa maandishi, ikitaja kazi, siku, malipo na matumizi ya picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na sura yake ni taarifa. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 13, na wa 13 hadi 16 hupewa kazi nyepesi isiyogusa masomo. Kwa hiyo kwa mhusika wa miaka 11 tafuta wa 13 mwenye umbo dogo, na kabla ya kutia sahihi mkataba wowote mwone wakili na afisa wa watoto wa eneo lako.

Kanuni zetu za seti: mtoto asizidi saa sita kwenye eneo la kazi, afike baada ya saa moja asubuhi, aondoke kabla ya saa kumi na moja jioni foleni haijaanza. Mlezi mmoja kwa kila watoto watano, na mlezi huyo asipewe kazi nyingine, hata ya kushika mwavuli. Chai na mandazi si chakula cha mchana.

Kisha nywele. Kila kikosi kipya huanguka hapa. Wavulana wote wanyolewe na kinyozi mmoja, namba moja ya mashine, siku moja kila wiki. Msichana asukwe mtindo rahisi ambao msusi anaweza kuurudia bila kukosea, apigwe picha pande nne, na usukwe upya siku ya mapumziko. Usikubali rangi wala shanga. Kipindi kikipigwa nje ya mpangilio, shanga moja iliyohama itaonekana kuliko afisa wako.

Hatua ya 7: Vibali

Leseni ya kupiga filamu iko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na maombi huambatanishwa na maelezo ya maonyesho pamoja na maneno yatakayosemwa. Ndiyo, serikali itasoma hadithi yako kuhusu serikali. Hii ndiyo faida nyingine ya kaunti ya kubuni, yenye nembo yako na sare zako. Chora sare ya kanjo isiyofanana na yoyote iliyopo, na sare ya polisi usiivalishe mtu bila idhini ya polisi wenyewe. Kibali cha barabara na viwanja tafuta kaunti, kisha umwone chifu na wazee wa mtaa kabla gari la vifaa halijaonekana. Ndege isiyo na rubani ina kanuni zake za 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na karibu na uwanja wa ndege wa Wilson ni afadhali uisahau.

Hatua ya 8: Ratiba

Piga picha Agosti. Shule zimefungwa kwa wiki tatu hivi, mvua za masika zimepita, na baridi ya Nairobi huleta wingu jepesi linalotandaza mwanga usiokata nyuso. Aprili kuna likizo lakini ni matope. Desemba nusu ya waigizaji wako ushago.

Hesabu: vipindi sita ni kurasa 144. Watoto wakiwa katika theluthi mbili, ni kurasa 96. Kurasa sita kwa siku ni siku 16, na wiki tatu za siku sita ni 18, kwa hiyo una siku mbili za akiba. Kurasa 48 za watu wazima pekee zipige Julai, siku za kawaida, kurasa nane kwa siku. Vipindi vinane havitoshi Agosti moja. Tusidanganyane.

Maonyesho mapana ya nje yaanze asubuhi wingu likiwepo. Jua likitoboa saa sita linapiga utosini na macho yanageuka mashimo, kwa hiyo saa hizo hamia ndani au chini ya paa la kibanda.

Hatua ya 9: Skeiti, kamera na sauti

Kamera iwe fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na taa za ndani zitapepesa ukikosea. Zile za bei nafuu hupepesa hata hivyo, zijaribu siku ya kukagua eneo.

Mtoto kwenye skeiti avae kofia ngumu na kinga za magoti, viwiko na viganja katika kila jaribio. Hadithi ikisema hana kinga, mpige picha kuanzia kifuani huku akisukumwa. Hapo ndipo mkokoteni unapoingia: wenye matairi ya mpira, hewa ikiwa imepunguzwa kidogo ili usitikisike, mtoto amesimama ndani na ameshika upao, watu wawili wanavuta polepole, na kamera iko kwenye mkokoteni wa pili kando yake. Apinde magoti akihamisha uzito kushoto na kulia. Mtazamaji hatajua.

Onyesho la kuning'inia kwenye lori usilifanye na lori linalotembea, hata kwa mwendo wa konokono, hata na mtu mzima. Tengeneza ubao wa nyuma wa lori kwa mbao, upake rangi, uandike methali kama madereva wanavyoandika, uufunge mbele ya mkokoteni. Weka kamera chini. Lori halisi lipige peke yake, bila mtoto, kisha unganisha kwenye uhariri.

Magurudumu yanameza sauti. Mazungumzo marefu yafanyike wamekaa, skeiti zikiwa shingoni. Ya kutembea yapigwe picha kuanzia kifuani, na miguuni wawe na soksi. Kisha rekodi magurudumu pekee kwenye lami, saruji na vigae, dakika mbili kila mahali, na sekunde 60 za ukimya wa kila eneo. Nairobi ukimya huo una jenereta, muadhini na matatu. Usipourekodi, kila mkato utasikika kama mlango unaofungwa.

Moshi wa vitoa machozi uwe wa mashine ya jukwaani, nje, upepo ukitoka upande wa kamera. Uliza kila mzazi kuhusu pumu kabla. Watoto wapigwe picha wakikimbia kuutoka moshi, kamwe wasiwe ndani yake. Walio ndani wawe watu wazima.

Hatua ya 10: Uhariri na uainishaji

Lengo lako ni alama ya GE (watu wote) au PG (kwa mwongozo wa mzazi) kutoka bodi ya uainishaji wa filamu. Kati ya saa 11 alfajiri na saa nne usiku vituo haviruhusiwi kurusha maudhui ya watu wazima, na tamthilia ya familia isiyoweza kurushwa saa moja jioni haina mnunuzi. Kinachopandisha alama kwa kawaida ni kipigo kwa mtoto kinachoonekana. Onyesha rungu likinyanyuliwa, kata kwenye uso wa ndugu, acha sauti ifanye kazi. Kila onyesho la namna hiyo lipigwe pia toleo la pili lililo laini, siku hiyo hiyo, ili bodi ikikuambia ukate usibaki na shimo.

Omba kituo maelezo yao ya kiufundi ya faili na sauti kabla hujaanza kuchanganya sauti. Mazungumzo, muziki na vishindo vihifadhiwe kwenye mikondo mitatu tofauti, kwa sababu mnunuzi wa nje ya Kenya atataka kuingiza lugha yake. Faili zote ziwe na nakala tatu, moja ikikaa nyumba nyingine, na malipo ya mwisho ya watoto yatoke kabla ya matangazo ya kwanza kuruka.